Kila Mtu Abebe Shanta Lake

Nataka kusema neno juu ya kambi ya mlimani ya vijana wa kidato cha tano. Mwaka huu limetolewa shauri la kuibadili, na nionavyo mimi, shauri hilo likikubaliwa kambi itakufa na litabaki jina lake tu. Nasema kama mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na kama mwalimu ambaye amefuatana na vijana mlimani mara sita.

Desturi yetu wengi wenu mwaijua. Kila mwaka vijana wa kidato cha tano huenda siku saba katika mlima Elgon, ambao wenyeji wake, Wamasaba, wanauita Masaba. Siku mbili za kwanza hukaa Budadiri chini ya mlima, wakijifunza kusoma ramani na dira, kusimamisha hema, na kugawana mizigo. Kisha hupanda kwa njia ya Sasa. Siku ya kwanza ya kupanda ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mtu hutoka penye migomba na mibuni, mita kama 1,250 juu ya usawa wa bahari, akapita msitu na mianzi mpaka kambi ya mto Sasa, karibu mita 2,900. Siku ya pili hufika pango la Mude, karibu mita 3,500, mahali ambapo maji huganda usiku na mtu hulala na soksi mbili mbili. Siku ya tatu hujaribu kilele cha Wagagai, mita 4,321. Siku ya nne hushuka, na siku ya mwisho husafisha vyombo na kukausha mahema.

Katika siku hizo zote hapana mpishi wala mpagazi. Vijana hugawanywa makundi ya watu kumi kumi. Kila kundi hupanga chakula chake, hubeba chakula chake, na hupika chakula chake. Kila siku kijana mmoja huwa mkuu wa siku. Yeye ndiye anayeamua mwendo, mahali pa kupumzika, na saa ya kurudi. Mwalimu hufuata nyuma, wala hasemi neno ila pale anapoona hatari.

Sasa shauri lililotolewa ni hili: kambi iwe ya siku tatu, vijana walale katika nyumba ya wageni karibu na maporomoko ya Sipi, watembezwe na waongozaji, mizigo ibebwe na wapagazi, na chakula kipikwe na watu wa kukodiwa. Sababu zilizotajwa ni tatu, yaani masomo, usalama na fedha. Waliotoa shauri hili ni wazazi na wazee wenye mapenzi na shule, nami siwabezi. Sababu zao nitazijibu moja moja. Lakini kabla ya hapo lazima tuulizane: kambi hii ni ya kazi gani?

Kila mtu husema kwamba ni ya kuwafanya vijana wajiamini. Vema. Lakini kujiamini ni kitu gani, na hupatikana vipi? Wako wanaodhani kwamba kijana akipanda juu akapigwa picha kileleni, basi amekwisha kujiamini. Wako wanaodhani kwamba hutokana na kusifiwa. Mimi nimewatazama vijana mwaka baada ya mwaka, na naamini kwamba kujiamini hakuletwi na kilele wala na sifa. Humwotea kijana pale anapokabidhiwa kazi ya kweli, kazi ambayo wenzake wataumia asipoitenda, naye akaitenda mwenyewe. Pasipo mzigo wa kweli, safari ya mlimani ni matembezi tu.

Fikra hii si yangu peke yangu. Kurt Hahn alikuwa mwalimu Mjerumani, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886. Alifungwa na serikali ya Hitler mwaka 1933 kwa kuwa aliwapinga waziwazi, na alipofunguliwa alihamia Uingereza, akaanzisha shule ya Gordonstoun kule Scotland mwaka 1934. Wakati wa vita kuu ya pili, tajiri mmoja wa meli, Lawrence Holt, alikuwa na huzuni kubwa. Meli zilipozamishwa na Wajerumani, mabaharia waliingia katika mashua ndogo wakangoja kuokolewa. Holt aliona kwamba waliokata tamaa upesi na kufa mara nyingi walikuwa vijana wenye nguvu, na mabaharia wazee wakavumilia. Wazee hawakuwashinda vijana kwa misuli. Waliwashinda kwa kuwa walikwisha kupita katika taabu nyingi, wakajua kwamba taabu ina mwisho. Basi Hahn na Holt wakafungua shule fupi ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941. Vijana walikaa karibu mwezi mzima wakifunzwa bahari, milima na kuokoa watu. Katika miaka ya 1950 shule ya namna hiyo ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, na vijana wa Afrika Mashariki wakaenda huko kupanda Kibo wakiwa na mizigo yao mgongoni.

Lakini hatuna haja ya kwenda Wales kutafuta fikra hii. Wamasaba wenyewe, ambao twapanda mlima wao, wana imbalu, tohara ya vijana, ambayo hufanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana husimama mbele ya watu wote, wala hatakiwi kupepesa jicho. Sisemi kwamba shule ichukue mila ya watu wengine. Nasema tu kwamba wazee wetu walijua jambo ambalo sisi twataka kulisahau: kijana hawi mtu mzima kwa kuambiwa kwamba sasa wewe ni mtu mzima. Hupewa jambo la kulikabili, na watu wakaona kwamba amelikabili.

Niwape mfano mmoja, na mfano wenyewe ni wa sufuria ya maharage.

Mwaka mmoja kundi moja lilipanga chakula chake kule Budadiri. Mkuu wa jikoni, kijana mwenye sauti kubwa, alitaka maharage makavu, maana ni chakula cha nguvu na bei yake nafuu. Kulikuwa na kijana mwingine, mkimya, ambaye darasani hakuinua mkono hata mara moja katika muhula mzima. Huyu alisema kwa sauti ndogo kwamba maharage hayataiva kule juu. Wenzake walimcheka, wakapakia maharage. Mimi nilisikia nikanyamaza, kwa sababu unga na dagaa walikuwa nao, hapana mtu ambaye angekufa njaa.

Jioni walipofika pango la Mude waliwasha jiko la mafuta na kuinjika maharage. Maji yalichemka upesi sana, wakafurahi. Saa moja ikapita, ya pili, ya tatu. Maharage yalikuwa magumu kama changarawe, na mafuta ya siku mbili yalikuwa yanakwisha. Baridi ilikuwa kali. Hapo yule kijana mkimya alisimama. Akawaeleza kwamba kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito wake, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Huku chini ziwani huchemka karibu nyuzi 96, lakini pale juu huchemka kama nyuzi 88, na kuzidisha moto hakuongezi kitu ila kumaliza mafuta. Akasema, “Ondoeni sufuria. Unga huiva kwa nyuzi hizo. Tusonge posho, tule na dagaa, maharage tutayarudisha nyumbani.” Wakaondoa sufuria. Katika nusu saa watu kumi walikuwa wamekula, na mafuta ya kupikia chai ya asubuhi yalibaki.

Jambo hilo alikwisha kulisoma katika kitabu cha fizikia, na wote tisa walilisoma vilevile. Jipya alilopata usiku ule ni kwamba alilolijua lilikuwa na thamani kwa watu, na kwamba wangemsikiliza. Kuanzia siku ile nilimwona mtu mwingine. Muhula uliofuata aliuliza maswali mpaka mwalimu wake wa fizikia akaja kuniuliza tumemlisha nini mlimani. Nikamjibu, “Posho na dagaa.”

Sasa fikirini. Kama chakula kile kingepikwa na mpishi wa kukodiwa, mpishi angejua tangu zamani kwamba maharage hayachukuliwi mlimani. Vijana wote wangekula vizuri, na kijana yule angerudi nyumbani mkimya kama alivyokwenda.

Mfano wa pili. Mkuu wa siku ya kilele alikuwa nahodha wa timu yetu ya mpira, kijana asiyependa kushindwa. Usiku uliotangulia kundi lilikuwa limeapa kwamba wote watafika Wagagai. Asubuhi, njiani, mmoja wao alianza kuumwa na kichwa, kisha akatapika. Ukungu nao ulishuka. Tulikuwa na askari mmoja tu wa hifadhi wa kutuongoza, kwa hiyo kundi halikuweza kugawanyika. Nilikuwa tayari kuamuru turudi, lakini nahodha alinitangulia. Alimtazama mwenzake, akatazama juu, akasema, “Tunarudi.” Wengine walinung'unika, na mmoja alimwita mwoga. Hakujibu. Alichukua shanta la mgonjwa, akaliweka juu ya lake, akatangulia kushuka. Ugonjwa wa mlimani dawa yake kubwa ni kushuka, na kabla ya jioni mgonjwa alikuwa anakunywa chai na kucheka.

Kundi lile halikufika kileleni. Hawana picha ya Wagagai. Lakini nauliza, katika makundi yote niliyofuatana nayo, ni nani aliyerudi na ujasiri mkubwa kuliko nahodha yule? Kujiamini si kusema kila mara “naweza.” Ni pamoja na kusema “leo hapana” mbele ya watu tisa wanaotaka kusikia neno jingine.

Tena kambi hii hupindua madaraja ya darasani. Wapo vijana kutoka mashamba ambao wamebeba maji na ndizi tangu utoto. Mlima hauwafundishi kubeba mzigo, kwa maana huo wanaujua. Lakini shuleni wamechekwa kwa Kiingereza chao, wakaanza kudhani kwamba yote waliyoyajua nyumbani ni ujinga. Kwenye njia ya mianzi yenye utelezi, yule aliyekuwa akichekwa ndiye anayewaonyesha wenzake wa mjini namna ya kuweka mguu, namna ya kufunga mzigo usiyumbe, na namna ya kuanika nguo mahali penye unyevu. Kwa mara ya kwanza ujuzi wa nyumbani kwao waitwa ujuzi.

Sasa nijibu sababu zilizotolewa.

Kwanza, masomo. Yasemwa kwamba siku saba ni nyingi, na vijana wana mitihani. Lakini mtihani mkubwa wa taifa huja katika kidato cha sita, wala si cha tano. Ndiyo maana wazee waliotutangulia walichagua mwaka huu. Kuhusu urefu wa siku, yapo mambo yaliyopimwa. Mwaka 1997 John Hattie na wenzake walikusanya pamoja utafiti 96 uliofanywa juu ya kozi za namna hii. Waliona kwamba vijana hupata faida katika kujiamini na kujitawala, na kwamba faida hiyo haikuyeyuka waliporudi nyumbani, bali kwa wastani iliongezeka kidogo. Waliona pia kwamba kozi ndefu zilizidi fupi. Sisi tuna siku saba tu, nazo ni chache. Tukizifanya tatu, ya kwanza itakwisha garini, ya tatu vilevile garini, na katikati itabaki siku moja ya kutazama maji yakianguka.

Pili, usalama. Hapa sitaki mzaha, kwa sababu mtoto wa mtu hafidiwi. Mwezi Machi 1993, katika ghuba ya Lyme, pwani ya kusini ya Uingereza, wanafunzi wanane na mwalimu wao walitoka baharini katika mitumbwi midogo pamoja na waongozaji wawili wa kituo kimoja cha michezo ya nje. Upepo uliwachukua, msaada ukachelewa, na wanafunzi wanne wakafa. Baadaye ilijulikana kwamba wafanyakazi wawili wa kituo kile walikwisha kuandika barua ya kuonya kuhusu usalama, na barua haikufuatwa. Mwaka 1994 kampuni na mkuu wake walitiwa hatiani kwa vifo vile, na mwaka 1995 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuweka vituo hivyo chini ya ukaguzi na leseni.

Somo la Lyme ni nini? Waingereza hawakufunga kambi zote. Waliuliza ni nani anayefaa kuwaongoza watoto, ana vifaa gani, na nani humsikiliza anapoonya. Nasi tufanye hivyo. Kila kijana apimwe na daktari kabla ya safari. Hapana kupanda bila koti la mvua na nguo kavu ya akiba iliyofungwa katika mfuko wa plastiki. Askari wa hifadhi awe na kila kundi, na neno lake kuhusu hali ya hewa liwe la mwisho. Saa ya kurudi iwekwe jioni ya kabla, wala isibadilishwe kwa tamaa ya kilele. Na mwalimu au mwanafunzi yeyote akiona jambo lisilo salama, aliandike, na mwalimu mkuu alisome kabla gari halijaondoka. Kumwachia kijana kazi yake si kumtupa. Mwalimu anayefuata nyuma ana kazi kubwa kuliko anayetangulia, kwa kuwa ni lazima ajue saa ya kunyamaza na saa ya kusema.

Tatu, fedha. Hesabu hii nashangaa imefanywaje. Hema likitunzwa hudumu miaka mingi. Unga na dagaa twavila hata shuleni. Lakini kitanda cha nyumba ya wageni, mshahara wa mpishi na ujira wa wapagazi hulipwa upya kila mwaka, na mwisho wake atakwenda yule tu ambaye baba yake anaweza. Leo mlimani watu kumi hula sufuria moja, wala hapana ajuaye ni nani aliyekuja shuleni kwa gari na nani aliyekuja kwa miguu. Wapagazi ni watu wa heshima na kazi yao ni halali; tuwaajiri wawili wa kubeba sanduku la dawa na hema la akiba, tuwalipe vizuri. Mzigo wa kijana abebe kijana. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kijana ambaye hajabeba lake hawezi kujua uzito wa wanaombebea.

Basi ninaomba mambo mawili. Kwenu ninyi mlio kidato cha nne na cha tano: msingoje wakubwa wawasemee. Andikeni kwa mwalimu mkuu mseme mnataka kambi gani, na mseme pia mnaogopa nini, kwa sababu hofu iliyosemwa hupata dawa. Na kwenu ndugu zangu wanafunzi wa zamani: mkutano wetu wa mwaka u karibu, na shauri hili litaletwa mbele yetu. Wengi wenu mmelala kwenye pango la Mude, na najua wapo miongoni mwenu ambao mpaka leo, kazi ikiwa nzito, hukumbuka baridi ile wakajiambia kwamba walikwisha kupita pagumu kuliko hapo. Simameni mseme hivyo. Kisha mfungue makabati yenu. Shule ina mahema sita mazima na mashanta ishirini na manne, na mwakani watakwenda vijana arobaini. Koti la mvua la zamani, mfuko wa kulalia, jiko la mafuta, vyote vitapokelewa ofisini kwa mwalimu wa michezo.

Maporomoko ya Sipi ni mazuri kweli, nami sina ugomvi nayo. Twaweza kwenda kuyatazama siku yoyote ya likizo, pamoja na wake zetu na watoto, tukalala katika kitanda kizuri na kupikiwa. Lakini kidato cha tano ni mwaka mmoja tu. Tusiwanyang'anye vijana mzigo wao.